Taa Nzima, Umeme Mgonjwa

Siku za giza, mwezi unapochelewa kuchomoza au usipotoka kabisa, wavuvi wa dagaa wa mkoa wa Mara hushuka ziwani na taa. Mwigobero mjini Musoma, Busekera upande wa Majita, Kibara wilayani Bunda, kote huko taa hufungwa juu ya maboya na kuachwa majini mpaka dagaa wakusanyike chini yake, ndipo wavu uzungushwe. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya karabai. Siku hizi LED zimeingia kwa nguvu, na nyingi hazikutoka kiwandani zikiwa taa kamili. Fundi amenunua utepe wa LED, akauzungusha kwenye kipande cha bomba la plastiki, akaziba ncha kwa gundi, akatoa nyaya mbili na kuzifunga kwenye betri ya pikipiki. Taa za mtindo huo utazikuta pia kwenye mabanda ya kuku Butiama, kwenye vibanda vya chipsi Bunda mjini, na kwenye bodaboda zinazosubiri abiria pale Makutano.

Zinapozimika kabla ya wakati, lawama huenda moja kwa moja kwenye LED. "Ni feki," mwenye taa anasema, ananunua utepe mwingine, na baada ya muda mfupi anarudi dukani na lalamiko lilelile. LED feki zipo, sikatai. Lakini ukiifungua taa iliyokufa na kuipima sehemu kwa sehemu, mara nyingi utakuta vidoto vya njano viko salama, au vimeungua kwa sababu iliyotoka mbali navyo. Ugonjwa uko kwenye umeme unaovifikia, yaani betri, chaji, waya, viungo na adapta. Na kwa kuwa betri ndicho kitu cha gharama kubwa kuliko vyote katika taa hizi, mvuvi anayeendelea kubadilisha tepe anatibu sehemu ya bei ndogo huku ile ya bei kubwa ikiendelea kufa.

Tuanze na LED yenyewe. LED ya bluu yenye mwanga wa kutosha, ambayo ndiyo mama wa LED zote nyeupe tunazotumia, ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. LED ni daiodi. Haifanyi kama balbu ya zamani yenye uzi, ambayo ukiiongezea volti kidogo mkondo nao unaongezeka kidogo. LED nyeupe hukaa karibu kimya mpaka ifikishe takribani volti 3, na ikishapita hapo, nyongeza ndogo tu ya volti huleta ongezeko kubwa la mkondo. Ndiyo maana haifungwi kwenye betri peke yake. Lazima kitu kisimame mbele yake kuuzuia mkondo, na katika utepe wa bei nafuu kitu hicho ni rezista.

Utazame utepe wa volti 12 kwa karibu. Umegawanywa vipande vifupi, kila kimoja na alama ya mahali pa kukata. Ndani ya kipande LED 3 zimefungwa kwa msururu, na pembeni kuna rezista ndogo nyeusi, mara nyingi imeandikwa 151, maana yake omu 150. Betri ikitoa volti 12 kamili, LED zile 3 huchukua kama volti 9.3. Volti 2.7 zilizobaki huangukia kwenye rezista, na mkondo unakuwa miliampea 18. LED nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa miliampea 20, kwa hiyo hapo taa iko raha mustarehe. Sasa ipeleke kwenye bodaboda ambayo injini inanguruma na betri inachajiwa kwa volti 14.4. LED zitachukua kama 9.6, rezista itabaki na 4.8, na mkondo utaruka hadi miliampea 32. Volti zimepanda kwa asilimia 20 tu, mkondo umepanda kwa karibu asilimia 78, na joto kwenye rezista limezidi mara 3 ya mwanzo. Taa itawaka vizuri sana, mwenye pikipiki atasifiwa kijiweni, kisha vipande vitaanza kuzimika kimoja baada ya kingine. Utepe ule hauna kosa, umelishwa kupita kiasi.

Kwa hiyo bodaboda inayokula LED ipimwe kwanza kwenye vichwa vya betri, injini ikizungushwa mwendo wa kati. Volti kati ya 13.5 na 14.7 ni za kawaida. Zikipita 15, kidhibiti chaji cha pikipiki kimeshindwa kazi, na utepe wowote utakaofungwa pale utaungua, uwe feki au halisi. Pikipiki nyingine hulisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili, bila kupitia betri. Hapo LED itapepesa injini ikiwa polepole na kutulia ukiongeza mafuta, na dawa yake ni kuihamishia taa kwenye waya wa betri. Volti zinazozidi hutokea ziwani pia kwa njia nyingine: taa ikiwashwa huku betri bado iko kwenye chaja, au paneli ya sola ya "volti 12" ikiunganishwa moja kwa moja na utepe. Paneli hiyo, ikiwa haijabebeshwa kitu, hutoa volti 21 au 22. Jua la saa sita la Musoma huua utepe huo mapema sana.

Hata hivyo, kwenye mialo ya Mara tatizo kubwa ni volti zilizopungua, na chanzo chake ni betri. Hapa ndipo fedha inapopotelea.

Chukua taa yenye mita 2 za utepe wa LED 60 kwa mita, zile pana zinazokula wati 14.4 kila mita. Inakula karibu wati 29, sawa na ampea 2.4 kwa volti 12. Betri ya pikipiki huwa ya ampea-saa 5 hadi 7. Igawe 7 kwa 2.4, unapata chini ya saa 3, na usiku wa dagaa ni mrefu kuliko hapo. Kuwasha taa hiyo saa 10 kunataka ampea-saa 24, na betri ya risasi na tindikali isiyotakiwa kufa mapema haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake. Inahitajika betri ya ampea-saa 50 hivi. Pengo kati ya 7 na 50 ndilo linaloua betri, na hakuna LED bora itakayoliziba isipokuwa ile inayokula kidogo zaidi.

Betri ya pikipiki imeundwa kupiga stata, yaani kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha kujazwa tena papo hapo. Bamba zake ni nyembamba. Ukiikamua mpaka chini usiku kucha, asubuhi ukaiacha kambini ikisubiri zamu ya kuchajiwa, salfeti ya risasi hugeuka fuwele ngumu juu ya bamba na uwezo wa betri hupungua. Kila usiku wa namna hiyo unakata kipande cha maisha yake. Utepe wenye rezista unazidisha madhara kwa sababu haujui kusimama. Betri ikishuka hadi volti 10.5, kiwango ambacho betri ya risasi haitakiwi kushuka chini yake ikiwa kazini, utepe bado unapata miliampea 10 kwenye kila msururu na unawaka kiasi cha kuonekana. Hata volti 9 hauzimi, unafifia tu. Mvuvi anaona taa yake "imevumilia" mpaka alfajiri, kumbe imenyonya betri kupita kikomo. Karabai ilizimika mafuta yalipokwisha na hapakuwa na hasara zaidi ya hapo. Nashikilia kuwa kasoro kubwa kuliko zote katika taa za kutengeneza za Mara ni kukosa kifaa cha kukata umeme betri ikishuka. Kifaa hicho ni kidogo, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya redio, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na betri mpya.

Balbu za DC zenye kiendeshi ndani yake, ambazo hudumisha mwanga uleule volti zikishuka, zina ugonjwa wa upande wa pili. Ili mwanga usipungue, zinavuta mkondo mwingi zaidi kadiri betri inavyochoka, kisha zinazima ghafla au kuanza kuwaka na kuzima. Kufifia taratibu kunaashiria utepe wenye rezista na betri inayoisha. Kuzima ghafla kunaashiria kiendeshi kilichokosa volti. Fundi anayetofautisha dalili hizi mbili amekwisha kuokoa muda kabla hajashika bisibisi.

Kosa linalofanywa zaidi katika kupima ni kuipima betri ikiwa imepumzika. Betri iliyochakaa kabisa inaweza kuonyesha volti 12.5 kwenye mita bila mzigo, na mwenye kibanda cha chaji akaapa kwamba imejaa. Hadanganyi, mita inasema hivyo. Washa taa yake, subiri dakika chache, kisha pima tena taa ikiwa inawaka. Betri nzima ya ukubwa unaofaa itashuka kidogo na kutulia. Iliyochoka itaporomoka kuelekea 11 na kuendelea kushuka. Na ikiwa baada ya kuchajiwa usiku mzima na kupumzika inasimama karibu 10.5 na haipandi, seli moja kati ya 6 imekufa, kwa kuwa kila seli hutoa kama volti 2.1. Betri hiyo hairudi kwa kuchajiwa tena wala kwa kuongezewa tindikali. Kwa betri za kufunguliwa, kinachopungua ni maji, na yanayotakiwa ni maji yaliyosafishwa ya betri. Anayejazia maji ya ziwa anaingiza madini yanayoharibu bamba.

Baada ya betri, mita ifuate njia ya umeme. Pima kwenye vichwa vya betri taa ikiwaka, halafu pima palepale nyaya zinapoingia kwenye utepe. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hasara ya njiani. Ikizidi nusu volti, achana na taa, shughulikia waya. Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila fundi wa mwaloni akizoee, kwa sababu hakihitaji kifaa chochote zaidi ya mita ya bei ya chini, na kinamaliza ubishi wa LED feki papo hapo.

Hasara ya waya inakuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa umeme huenda na kurudi. Betri ikiwa sebuleni na taa ikiwa kwenye banda la kuku mita 8 kutoka pale, umeme unapita mita 16. Waya wa shaba wa nusu milimita ya mraba, kama ule wa spika, una ukinzani wa karibu omu 0.55 kwa urefu huo. Ampea 2.4 zikipita, volti 1.3 zinabaki njiani na kugeuka joto. Waya wa milimita 2.5 za mraba ungepoteza robo volti tu. Sokoni pia kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba, ambazo nje zinang'aa kama shaba kamili. Kwangua kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu, ukinzani wake ni mkubwa zaidi, haishiki risasi vizuri na huvunjika ikikunjwa mara kwa mara. Kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa Buhemba, ambako taa inaweza kuwa mbali sana na betri, kuongeza unene wa waya peke yake hakutoshi. Huko inafaa kupandisha volti hadi 24, kwa taa zilizotengenezwa kwa volti hizo, maana kwa wati zilezile mkondo unapungua nusu na hasara ya njiani inakuwa robo. Utepe mrefu wenyewe nao ni waya mwembamba. Ukiona mwanzo unang'aa na mwisho umefifia, ulishe kutoka ncha zote mbili, na tofauti itapungua sana.

Viungo ndivyo vinavyosumbua zaidi majini. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa nailoni unapitisha umeme vizuri siku ya kwanza. Ziwa Victoria ni maji baridi, si chumvi, hivyo watu hudhani kutu si tatizo. Lakini umeme wa betri ukikutana na unyevu huanza kuila shaba ya upande wa chanya, na dalili yake ni ule ukoga wa kijani unaojikusanya kwenye waya mmoja na kuuacha mwingine karibu safi. Kiungo cha aina hiyo kinapima vizuri kikiwa hakina mzigo na kinagoma taa ikiwashwa. Lehemu kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa joto, kisha ziba kwa gundi isiyo na siki. Ile silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hushambulia shaba uliyotaka kuilinda. Na fyuzi iwekwe karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Betri ndogo inapopigwa shoti inatosha kuyeyusha waya na kuwasha nailoni, tena kwenye mtumbwi wa mbao, usiku, katikati ya ziwa.

Sola imeleta nafuu kubwa na imeleta hesabu mpya ambayo wengi wanairuka. Ile taa yetu ya wati 29 kwa saa 10 inakula karibu wati-saa 290. Musoma iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta na hupata kama saa 5 za jua kamili kwa siku, lakini kutokana na joto, vumbi na hasara za kuchaji, hesabu asilimia 70 tu. Paneli ya wati 20 itarudisha wati-saa 70, robo ya kilicholiwa. Kwa siku mbili za mwanzo betri itaficha upungufu huo, na siku ya tatu taa itaanza kuzima saa sita usiku. Hapo mwenye taa hupeleka betri kwa fundi, wakati kilichohitajika ni paneli ya wati 80 au taa ndogo zaidi. Kosa jingine ni kuunganisha taa moja kwa moja kwenye betri na kuiruka sehemu ya taa iliyo kwenye kidhibiti chaji. Vidhibiti vingi, hata vya bei ya chini, hukata taa betri ikishuka karibu volti 11. Anayeruka sehemu hiyo ametupa ulinzi alioulipia. Wakati wa kufunga, betri itangulie na paneli ifuate, na wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza, maana kidhibiti kisicho na betri kinaweza kuachia volti zote za paneli ziingie kwenye taa.

Majumbani kwenye umeme wa gridi, ambao Wakala wa Nishati Vijijini umeusambaza vijijini tangu uanze kazi mwaka 2007, taa za kutengeneza huendeshwa na adapta, na adapta huandikwa ampea zaidi ya zinazotoka kweli. Utepe ukiwaka na kuzima kila baada ya sekunde moja hivi bila kuchoka, adapta inajikinga dhidi ya mzigo mkubwa au shoti. Kata utepe nusu ujaribu. Ikitulia, mzigo ulikuwa mkubwa. Balbu inayobaki na mwanga hafifu ingawa imezimwa mara nyingi inaonyesha kuwa swichi imekata waya wa nyutro badala ya waya wa moto, na hilo ni jambo la usalama kuliko la taa. Mafundi wengi hufufua balbu za volti 230 kwa kuunganisha juu ya LED moja iliyoungua, na kwa kweli hufufuka, ila LED zilizobaki zinabeba zaidi. Isitoshe, balbu nyingi za bei nafuu hazina kizuizi kati ya umeme wa gridi na bamba la LED. Kuishika ikiwa wazi na imewashwa ni kuushika umeme wa ukutani.

Mwaka 2013 mradi wa Lumina wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani ulichapisha majaribio ya taa za LED kwa wavuvi wa usiku wa Tanzania, na hoja kubwa wakati huo ilikuwa mafuta ya taa, yaliyokuwa yakimeza sehemu nono ya kipato chao. Mafuta yakiondoka, gharama inahamia kwenye betri, na hapo ndipo mabadiliko yanapotakiwa sasa. Vibanda vya chaji vinatoza kwa betri moja, iwe nzima au mfu, kwa hiyo hakuna anayenufaika kwa kumwambia mteja kwamba yake imekufa seli. Kibanda kinachopima kila betri ikiwa na mzigo kabla ya kuipokea, na kuandika namba hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni, kingempa mvuvi historia ya betri yake kwa gharama ya balbu moja ya gari na mita. Vyuo vya VETA vinafundisha kufunga umeme wa majumbani. Katika mkoa wenye mialo mingi kiasi hiki, umeme wa volti 12 unastahili masomo yake kamili. Na mvuvi mwenye fedha ya kitu kimoja tu msimu huu, ushauri wangu ni kuwa asinunue utepe wala betri. Anunue kifaa cha kukata umeme, akiweke kwenye volti 11.5, na apunguze utepe kutoka mita 2 hadi 1. Betri aliyonayo itamfikisha mbali zaidi kuliko mpya itakayokamuliwa kwa mtindo wa zamani.